Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Nilisoma Ujerumani, nikarudi sijasoma

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: MUHULA WA UGHAIBUNI UHESABIKE

Shikamoo Mheshimiwa.

Mwezi Mei nilisimama dirishani kwenye ofisi moja ya chuo chetu, nimeshika matokeo yangu kutoka Ujerumani. Mhudumu akayapitia kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akamgeukia mwenzake: "Moja nukta tatu, moja nukta saba... huyu si kadisko?" Yaani nimefukuzwa chuo kwa kufeli. Nikamweleza kwamba kule 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa na 5.0 ni kufeli, yaani kinyume cha GPA yetu, wastani wa alama, ambayo 5.0 ndiyo kilele. Akanitazama kama ninayejitungia utetezi. Akauliza tena: "Na krediti 30 tu? Muhula wetu ni 60."

Sikutaka kubishana naye, maana na yeye hakuwa na karatasi yoyote mezani ya kumwongoza. Lakini hesabu yake si ngumu. Kwetu krediti moja ni saa 10 za kusoma, mwaka mzima krediti 120. Ulaya krediti moja ni saa 25 hadi 30, mwaka mzima 60. Thelathini zao ni muhula kamili, na ukizipiga kwa saa utakuta nimesoma zaidi ya wenzangu niliowaacha, si pungufu.

Nilikwenda kwa ufadhili wa Erasmus+, ule wa Umoja wa Ulaya unaowapeleka wanafunzi muhula mmoja au miwili nje kisha warudi kumalizia vyuoni kwao. Kabla sijaondoka tulisaini mkataba wa masomo: mimi, chuo changu na chuo cha kule. Kila somo limetajwa jina, na somo la hapa ambalo litafidiwa nalo limetajwa. Nilirudi nao kwenye faili la plastiki. Jibu nililopewa ni kwamba aliyeusaini amehamishwa, na idara haiwezi kufungwa na saini yake.

Ubaya zaidi ni kalenda. Muhula wa baridi kule unaanza Oktoba na kuisha Machi. Vipindi vinakwisha mwanzoni mwa Februari, lakini masomo mengi hayana mtihani wa kukaa darasani: unaandika tasnifu fupi ya kurasa kumi na tano au ishirini, unaikabidhi mwishoni mwa Machi, na mwalimu anachukua wiki kadhaa kuisoma. Matokeo yangu yalifika wakati huku bodi ya mitihani imeshakaa na kuinuka. Kwenye mfumo nikaonekana mtoro wa muhula mzima.

Nimeambiwa nirudie muhula huo na darasa la wadogo zangu. Mkopo wangu ulihesabiwa miaka mitatu, kwa hiyo sasa bumu, ile pesa ya kujikimu, hakuna, na ada amelipa mama kwa pesa ya korosho.

Mheshimiwa, nisieleweke kwamba najuta kwenda. Wiki tatu za mwanzo nililia, ndiyo, hasa Jumapili maduka yote yamefungwa na chumbani nina kitunguu kimoja. Desemba saa kumi jioni jua limeshazama. Lakini kilichonibana kweli kilikuwa darasani. Tulikaa kumi na wawili meza moja na profesa, naye akaniuliza kuhusu makala tuliyosoma: "Wewe unaona mwandishi amekosea wapi?" Miaka miwili chuoni sikuwahi kuulizwa swali hilo. Nilizoea kunakili slaidi na kuzirudisha kwenye mtihani kama nilivyozipokea. Nikanyamaza. Wiki ya tano nikajibu, sauti ikitetemeka, na hakuna aliyecheka.

Siku moja nilikwenda Berlin, kwenye makumbusho ya mambo ya asili, kumwona mjusi wa Tendaguru, yale mabaki ya dinosaria kutoka mkoani Lindi. Mimi ni mtu wa Lindi. Nimekua nikisikia habari zake, na pale amesimama, urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, amechimbwa kwetu kati ya 1909 na 1913. Mwenzangu Mjerumani akaniuliza mifupa ile ilifikaje bandarini. Sikujua. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba wapagazi wa kwetu waliibeba vichwani mpaka Lindi mjini. Aibu ile ndiyo iliyonifanya nichague mada ya utafiti wangu wa mwisho, na hilo peke yake kwangu lilitosha nauli.

Hosteli kwetu mada ya "kwenda nje" haiishi. Wapo wanaotaka kuondoka wasirudi, sitakudanganya. Wapo mabinti ambao baba amekataa katakata. Ila niliokaa nao zaidi ni wale wanaotaka kwenda, waone, warudi. Hao walikuwa wakinijia usiku kuniuliza fomu zinajazwaje, pasipoti inachukua muda gani. Nilikuwa nawatajia hata ile shilingi 150,000 ya pasipoti waanze kuiweka mapema. Siku hizi wanauliza jambo moja: "Kaka, na wewe mwaka wako uliliwa?" Nikijibu ndiyo, wanafunga kompyuta. Wawili waliacha nafasi zao mwaka huu kwa sababu yangu.

Na si Ulaya tu. Mei 2017 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza, tena wakiwa Dar es Salaam, kwamba kanda yetu ni eneo moja la elimu ya juu. Rafiki yangu alitamani muhula Kampala. Alipoona yangu, akabaki.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wakiwa na jedwali la ukurasa mmoja la kugeuza krediti na alama za kigeni, lipelekwe kila dirisha la udahili na mitihani. Kama lipo tayari, basi halijafika pale niliposimama. Mkataba wa masomo uliosainiwa uwe wa chuo, si wa mtu aliyeshika kalamu siku hiyo. Na mwanafunzi aliye nje kwa barua ya chuo chenyewe aandikwe kwenye mfumo kuwa yuko masomoni, matokeo yake yasubiriwe mpaka yafike.

Nakala ya mkataba wangu ninayo, saini zote tatu zinasomeka. Nikiitwa Dodoma kesho, nitakuja nayo.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa nne, shahada ya miaka mitatu.