Tusiishie Washington, tuitazame na Austin

Mhariri,

Sisi wahamiaji wa hapa Marekani tukikutana, iwe harusini au msibani, siasa tunayobishania ni ya rais. Naomba nafasi niseme juu ya uchaguzi wa jimbo, maana naendesha basi la shule Texas na matokeo yake yamenifikia hadi kwenye usukani.

Mwaka 2019 Bunge la jimbo, kule Austin, lilipanga kiwango cha msingi cha fedha kwa kila mwanafunzi kuwa dola 6,160. Hakikusogezwa hadi 2025. Katika miaka hiyo dizeli ilipanda, bima ikapanda, na madereva wenzangu wakahamia kwenye malori yanayolipa vizuri zaidi. Wilaya yetu ya shule ikaunganisha njia mbili za mabasi kuwa moja, nikapewa mimi. Msimu wa baridi mtoto wa mwisho hushuka giza likianza kuingia, na mimi humngoja mpaka nione mlango wa kwao umefunguliwa.

Kwa nini kiwango kiliganda? Mwaka 2023 Gavana Greg Abbott alitaka vocha, yaani fedha za umma zimlipie mtoto shule binafsi, na nyongeza ya shule za umma ikafungwa katika muswada huohuo. Novemba wabunge waliziondoa vocha kwa kura 84 dhidi ya 63, na 21 kati ya hao 84 walikuwa Warepublican wa chama chake mwenyewe. Nyongeza ikafa pamoja nazo. Kwenye kura za mchujo za Machi 2024, ambapo kila chama huchagua wagombea wake wa Novemba, gavana akawaunga mkono wapinzani wa baadhi ya Warepublican hao 21, na kadhaa wakang'olewa. Mei 2025 akasaini sheria ya vocha, ikatengewa dola bilioni 1. Mwaka huohuo walimu walipata nyongeza ya mishahara, na hilo nalishukuru kwa dhati. Kiwango cha msingi kiliongezwa dola 55.

Hamsini na tano, baada ya miaka sita!

Siku ya mchujo ule kadi yangu ya mpiga kura ilikuwa mfukoni na sikwenda. Nilidhani uchaguzi wenyewe ni wa Novemba. Hilo linaniuma hadi leo.

Kodi nayo haiko mbali na hapo. Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo mzigo wa shule umeielemea kodi ya majengo. Novemba 2025 wapiga kura walikubali msamaha wa kodi ya shule kwa nyumba unayoishi mwenyewe uongezwe kutoka dola 100,000 hadi 140,000. Nyumba yangu ikithaminiwa 260,000, shule inanitoza kodi kwa 120,000 tu. Nimepumua, sikatai. Ila pengo linalobaki hujazwa na fedha za jimbo, na bajeti ya jimbo hupitishwa na wabunge kila baada ya miaka miwili. Jirani yangu mpangaji hapati msamaha huo, ingawa watoto wetu wanapanda basi moja.

Tena shule hapa hulipwa kwa mahudhurio, si kwa idadi ya walioandikishwa. Mtoto anayekosa basi anapunguza fedha za shule yake, na tangu njia ziunganishwe wanaokosa basi wameongezeka.

Ombi langu, Mhariri: majira ya uchaguzi yakifika, chapisha pia habari za wagombea wa Bunge la jimbo na msimamo wao juu ya kiwango cha msingi. Wakumbushe raia wenzangu wa Texas kwamba ni lazima kujiandikisha angalau siku 30 kabla ya uchaguzi, na kwamba huhitaji kuwa mwanachama wa chama chochote ili kupiga kura ya mchujo. Unafika kituoni, unachagua karatasi ya chama kimoja, unapiga.

Dereva wa basi la shule,
Texas