Kabla Hujanunua Fimbo Nyingine ya Grini

Jumatatu asubuhi huwa tunamjua aliyecheza gofu vibaya Jumapili. Anaingia dukani na ile fimbo fupi ya kusukumia mpira kwenye grini, yaani zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, anaibwaga mezani na kusema, "Hii imekufa. Nionyesheni nyingine." Kumuuzia tungeweza. Lakini mara nyingi anarudi nyumbani na fimbo yake ileile.

Piga hesabu. Uwanja wa mashimo 18 wenye pa ya 72, ile idadi ya mipigo inayotarajiwa kwa mchezaji hodari, umepangwa hivi kwamba mtu asukume mpira mara mbili kila grini, yaani mipigo 36. Nusu ya mchezo! Na bado wengi wetu tukifika uwanjani tunamaliza ndoo nzima ya mipira kwa draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, kisha tunasukuma mitatu tu kwenye grini ya mazoezi huku tukingoja kuitwa.

Kosa tunaloliona zaidi si la mwelekeo, ni la umbali. Mtu aliye hatua kumi na tano kutoka shimoni atakosea kushoto au kulia kwa shubiri mbili tatu, ila mpira unabaki nyuma hatua mbili au unapitiliza tatu. Hapo ndipo mpigo wa tatu unapozaliwa. Basi sahau shimo kwanza. Simama hatua tano, halafu kumi, halafu kumi na tano kutoka ukingo wa grini, usukume mpira usimame karibu na ukingo bila kutoka. Wa mwisho usukume umefumba macho, na kabla hujayafumbua sema kama umepungua au umezidi. Siku utakayoanza kupatia jibu, mkono umeelewa.

Mteja wetu mmoja wa Kisumu alikosea umbali kwenye grini za Nakuru, akalaumu mwinuko wa huko, mita 1,850 hivi, wakati kwao ni kama 1,130. Hewa nyepesi huurefusha mpira unaporuka, kweli. Unaobiringika chini haujui kama uko Nakuru au Dunga, kule Kisumu! Kilichomponza ni nyasi. Zikionekana kung'aa mbele yako, zimelalia uendako na mpira utateleza. Zikiwa na rangi nzito, zinakuja kwako, kaza kidogo. Asubuhi yenye umande kaza zaidi.

Nyumbani tumia zulia, maana sakafu ya saruji ina kasi mno. Weka sarafu mbili za shilingi 20 hatua moja mbele yako, nafasi kati yake iwe ya mpira na kidole kimoja. Mpira una upana wa milimita 43 hivi, shimo 108. Ukizoea kupita kati ya sarafu hizo, shimo litaonekana kama sufuria.

Kuna wakati fimbo ndiyo yenye kosa, na hilo unaweza kulipima mwenyewe. Weka mpira chini, inama kama kawaida ya kusukuma, kisha dondosha mwingine kutoka katikati ya macho. Ukiangukia ule ulio chini, au kidogo tu upande wako, uko sawa. Ukiangukia karibu na vidole vya miguu, huenda fimbo ni ndefu kwako, ilete tuikate. Raba ya mpini ikiwa imeanza kuteleza tunaibadilisha pia, na unalipia raba tu. Ila inalala hapa usiku mmoja ikauke, kwa hiyo usituletee Ijumaa jioni ikiwa una mashindano Jumamosi alfajiri.