Si kila mgonjwa mahututi atundikiwe damu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi ndugu wa wagonjwa hapa Mtwara tunaligombania na madaktari bila kulielewa, nalo ni kuongezewa damu.

Msimu uliopita wa korosho shangazi yangu alilazwa mahututi kwa nimonia, na kipimo cha wingi wa damu kikasoma gramu 8 kwa desilita. Vijana wetu wawili walikuwa wametoka kuchangia, pamba bado wameibana mkononi, daktari aliposema kwamba chupa haitatundikwa. Mjomba alitamka waziwazi kuwa mgonjwa wetu anaachwa afe kwa kuwa hatuna mtu mkubwa wa kumpigia simu.

Nilipokuja kuuliza kwa utulivu nikaelewa kuwa hatukunyimwa kitu. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 1999, uliohusisha wagonjwa mahututi 838 wasiokuwa wakivuja damu, ulionyesha kwamba waliosubiri mpaka damu ishuke chini ya gramu 7 ndipo waongezewe hawakufa wengi kuliko walioongezewa mara iliposhuka chini ya 10. Damu ya mtu mwingine ina madhara yake: ikikosewa kundi huharibu figo na hata kuua, na ikiwa ya kundi lenyewe, tena imepimwa UKIMWI, homa ya ini na kaswende, bado yaweza kumzidishia mgonjwa maji mwilini hadi yakaingia kwenye mapafu. Shangazi alikuwa tayari anahema kwa shida. (Alipona, alhamdulillahi, ingawa kupona kwa mtu mmoja si ushahidi.)

Hayo hayamhusu mzazi anayemwaga damu baada ya kujifungua, wala mtoto mwenye malaria ambaye damu yake imeshuka chini ya gramu 4. Hao wakicheleweshewa chupa hata kwa saa chache huenda tukawazika. Kwa ajili yao benki ya damu haifai kukauka, na seli nyekundu zikitunzwa kwenye ubaridi unaotakiwa hukaa takriban siku 35.

Lawama yangu ni moja tu: hakuna aliyetueleza haya pale kitandani, wakati maelezo yenyewe yasingezidi dakika tano. Wale vijana wanasema miezi mitatu ikitimia watachangia tena, ila safari hii mjomba hawatafuatana naye.

Msomaji wako,
Mikindani, Mtwara