Mtu akikimbilia, nani yuko langoni? Barua ya wazi kwa wahubiri vijana

Wapendwa wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Waebrania 6:18, ule mstari unaosema tumekimbilia ili tuyashike matumaini yaliyowekwa mbele yetu, umekuwa moto mimbarani siku hizi. Nafurahi kwamba mnasoma Kigiriki, kwani sisi wengine tulikipata uzeeni na kwa tabu. Ila neno lake la Kigiriki la “kukimbilia”, katafeugo, mnalibebesha mizigo isiyo yake. Kuna anayefundisha kwamba kata, kile kipande cha mwanzo, maana yake ni “chini”, basi kukimbilia ni kukimbia huku umeinama kwa unyenyekevu. Ni kweli kata huwa na maana hiyo penginepo, lakini neno halielezwi kwa kulipasua vipande. Mtu akikwambia “nimekuelewa”, humwulizi ameelea ziwa gani.

Sisi Waswahili tumepewa urahisi ambao wengine hawana. Feugo ni kukimbia: “Ikimbieni zinaa”, au wale wanafunzi waliomwacha Bwana bustanini wakatoka mbio. Ukiitanguliza kata, unapata kile tunachokipata kwa kauli ya kutendea: kukimbilia. Macho yanahama kutoka kwa kinachokufukuza, yanatazama unakofika. Hayo yanatosha kwa upande wa sarufi.

Katika Agano Jipya kitenzi hiki kimo mara mbili tu. Mara ya kwanza ni Matendo 14:6. Paulo na Barnaba wakiwa Ikonio walipata habari kwamba kuna njama ya kuwapiga mawe, wakakimbilia Listra na Derbe. Someni mpaka mwisho wa sura, msiishie pale panaponoga. Maadui waliwafuata hadi Listra, na mawe yaliyokusudiwa Ikonio yakampata Paulo hukohuko alikokimbilia. Akaburutwa nje ya mji, wakidhani amekufa. Kisha akainuka, kesho yake akaenda Derbe, na baadaye akarudi Listra na Ikonio kuwatia nguvu wanafunzi. Kwa hiyo anayewahubiria watu kwamba kukimbia hatari ni kukosa imani, amwulize Paulo. Na anayeahidi kwamba ukishakimbilia hutaguswa tena, naye amwulize Paulo.

Mara ya pili ndiyo hiyo ya Waebrania. Mwandishi wake aliijua vizuri Septuaginta, ile tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale, na humo kitenzi hiki ni mwenyeji. Lutu anakitumia akiomba aende mji mdogo ulio karibu. Mtunzi wa Zaburi ya 143 anakitumia akisema amemkimbilia Bwana. Tena kimo katika sheria za miji ya makimbilio, Hesabu 35 na Kumbukumbu la Torati 19. Hapo ndipo ningependa mkae sana.

Miji ilikuwa sita: Kedeshi, Shekemu na Hebroni upande wa magharibi wa Yordani, Beseri, Ramothi na Golani ng'ambo. Ilikuwa ya Waisraeli na ya mgeni pia. Aliyeua bila kukusudia, kwa mfano shoka limechomoka mpinini likampiga mwenzake, alikimbilia huko mlipiza kisasi akiwa nyuma yake. Lakini tazameni kazi waliyopewa waliokuwa hawakimbii. Kumbukumbu la Torati inaagiza njia itengenezwe. Yoshua 20 inasema mtu yule atasimama langoni, aeleze shauri lake masikioni mwa wazee wa mji, nao wamwingize na kumpa mahali pa kukaa. Wazee walitakiwa wawepo langoni, wasikilize, na wawe na nafasi ya kumpa. Mlango ukifungwa, huyo mtu anauawa nje ya ukuta, hata kama alikimbia kwa imani kubwa namna gani.

Na jengo peke yake halikutosha. Yoabu, jemadari wa Daudi, alizishika pembe za madhabahu na aliuawa palepale. Yeye tunaweza kusema alikuwa na damu mikononi. Je, waliokimbilia makanisa ya Ntarama na Nyamata kule Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari, Aprili 1994? Walikuwa maelfu, na waliuawa humohumo ndani. Huku kwetu Kigoma kumekuwa na kambi za Nyarugusu na Nduta, na katika ibada zetu wamo watu waliovuka mpaka kutoka Burundi na Kongo. Tunawaita wakimbizi, jina linalotazama walikotoka tu. Ukisimama mbele yao ukapaza sauti kwamba nyumba ya Mungu ni salama daima, ujue wapo wanaokusikiliza kwa heshima huku wakikushangaa.

Waebrania haiahidi jengo. Inasema tumekimbilia ili tuyashike matumaini yaliyowekwa mbele yetu, na inayaegemeza kwenye ahadi na kiapo cha Mungu asiyeweza kusema uongo. Mstari wa 20 unamwita Yesu mtangulizi, aliyeingia ndani ya pazia kwa ajili yetu, kuhani mkuu milele. Wengine wanakumbuka hapo kwamba mkimbizi wa Hesabu 35 aliachiwa kurudi kwao kuhani mkuu alipokufa. Nami naupenda uhusiano huo, ila mwandishi mwenyewe hakuutamka. Uhubirini kama tafakari. Msiseme “Biblia inasema”.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Mahubiri yenu yamejaa kufukuzwa: laana za ukoo, wachawi, jicho la jirani. Watu wanatoka kwenu wakiwa na mbio nyingi na hawana pa kufikia. Juma hili kwa nabii huyu kuchukua maji ya upako, juma lijalo kwa yule mwenye mafuta. Wanakimbia kila siku, na kukimbilia hawajakimbilia bado. Binti aliyepigwa na mumewe akija usiku, mnamwombea na kumrudisha. Huyo ndiye aliyesimama langoni, na wazee wa mji mlikuwa ninyi.

Kabla ya kuhubiri tena mstari huu, kaeni na wazee wa kanisa na akina mama, mpange ni nyumba gani zitapokea mtu usiku, nani atamsikiliza, na nani atampeleka hospitali au polisi asubuhi. Mkishapata majina hayo, andikeni mahubiri.

Ni mimi mzee wenu, mwinjilisti mstaafu, Kigoma.