Mwanangu, vitabu vya ndege usiviache

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma, na asubuhi nikausoma tena kwa sauti mbele ya baba yako, nisije nikawa nimekuelewa vibaya. Kuhama nimekubali. Kazi ni kazi, na nafasi uliyopewa ni ya heshima. Kila anayepita mlangoni namwambia kwamba kati ya wote walioomba, aliyechaguliwa ni mwanangu. Lakini pale mwishoni ulipoandika kwamba vitabu vya mtoto vya ndege na wanyama vitabaki, vigawiwe au viwekwe mahali, mtaona baadaye, hapo nimekataa. Naandika barua kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Uzito wa mizigo nauelewa. Vitabu vya watoto lakini ni vyembamba, mwanangu. Toa ile pasi ya pili na yale mapazia ambayo hujui hata kama yataenea madirisha ya huko, utapata nafasi na itabaki.

Kilichonikaa moyoni ni ile sababu nyingine: kwamba alilia buibui alipokufa, usiku akakataa kulala, na mwalimu wake akakwambia ameshakua sasa, apewe vitabu vya maana. Mtoto wa miaka sita akimlilia buibui, kitabu kimefanya kazi yake. Watu wazima wangapi wakimwona buibui hufikiria kitu kingine zaidi ya kandambili?

Aliyekiandika kile kitabu cha buibui, Charlotte's Web, ni E. B. White, na hakukitoa hewani. Alikuwa na shamba lake na banda la mifugo, na kabla ya kuandika alikaa muda mrefu akisoma habari za buibui na kuwatazama. Aliwahi kuchukua kifuko cha mayai ya buibui, akakitia kwenye kisanduku cha peremende, akasafiri nacho hadi New York. Mayai yakaanguliwa chumbani kwake, na vile vitoto vikatanda nyuzi kutoka kwenye brashi ya nywele mpaka kwenye mkasi wa kucha na kioo. Kitabu kikatoka 1952. Ndiyo maana buibui wake hunyonya damu ya nzi na haombi radhi, na ndiyo maana hufa baada ya kutaga, kwa sababu buibui wa jamii ile hutaga baridi ikikaribia, na watoto wakitoka mama hayupo tena. Mwandishi angeweza kumponya kwa mstari mmoja tu wa kalamu. Hakutaka kumdanganya mtoto.

Na mume wangu huyo, unajua aliniuliza nini kwenye simu? "Bibi, kwa nini hakuna aliyekaa naye?" Hakuniuliza kwa nini alikufa. Aliniuliza kwa nini alikuwa peke yake. Mtoto mwenye swali kama hilo hanyang'anywi vitabu, mwanangu. Anaongezewa.

Kwa hiyo nakuomba, usiviache.

Habari za kabati la juu, mwaka ule wa mtihani wako, sitaki tuzirudie. Ila lilipokuja kufunguliwa hukugusa hata kitabu kimoja, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikaona. Sasa mtoto wako ana miaka sita tu. Wewe angalau ulikuwa mkubwa.

Kile cha ndege chenye jalada la kijani ndicho kitangulie sandukuni. Uti wake umeachia, baba yako aliushikiza kwa gundi, kwa hiyo kisikandamizwe na viatu. Ukikiachia mkononi kitafunguka chenyewe kwenye ukurasa wa hondohondo. Karatasi ya pale imelainika kama kitambaa kwa kushikwashikwa. Mama hondohondo yumo ndani ya shimo la mti, amejifungia; mlango umezibwa kwa udongo na kinyesi mpaka umebaki upenyo mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo, na baba yuko nje, anamletea chakula na kumpitishia humo siku zote anazoatamia. Alipokuwa hapa likizo, mtoto alikuwa akiweka ukucha wake kwenye ule upenyo uliochorwa, anausogeza polepole, kisha anangoja. Anangoja kabisa, kama mtu aliyepeleka kitu na anataka kuona kimepokewa. Halafu akauliza, "Baba yake akisahau, je?"

Ulikuwa ule wakati wa goti la baba yako, hawezi kushuka kitandani. Kesho yake mtoto akaanza kumpelekea babu yake gazeti na miwani, bila kutumwa na mtu. Hakusema ni kwa sababu ya hondohondo. Mimi sikumuuliza. Ningemuuliza ningeharibu.

Hilo nalo nakusema, usikasirike. Ukimsomea, unauliza maswali mengi mno. Hadithi imetufundisha nini? Sungura alikosea wapi? Mtoto anatazama picha ya mkia, wewe unataka jibu. Mwache atazame mkia. Ukifika ukurasa wenye huzuni usiuruke, usome kwa sauti ileile, kisha nyamaza kidogo, naye atasema lake au hatasema. Na usimpunguzie maneno magumu. Neno kama "kuatamia" alilikuta kitabuni, sasa analitumia kwa paka aliyelalia soksi. Nyinyi mna haraka ya mtoto kujua. Kusoma unasoma vizuri, hilo nakupa. Sauti yako ya kobe hata mimi siiwezi, na kila usiku hata ukichoka hujaacha kumsomea, jambo ambalo wazazi wengi wa siku hizi hawalifanyi. Baba yako husema umenipita, na ni kweli.

Uliniambia pia kwamba hadithi hizi zinampa mambo ya uongo, wanyama hawasemi. Mwanangu, yeye anajua hawasemi. Anavyo vitabu vya fisi viwili. Kimoja ni cha ngano, fisi mlafi na mjinga anayedanganywa na sungura kila siku. Kingine ni cha picha za kweli, kinaeleza kwamba fisi madoadoa ni mwindaji hodari, si mla mizoga tu, na kwamba katika kundi lao majike ndio wenye madaraka. Nilimsomea vyote viwili jioni moja nione atachanganyikiwa au la. Akaviweka kitandani kimoja huku kimoja huku, akasema, "Huyu fisi wa hadithi. Huyu fisi wa kweli. Wa kweli ana akili." Amelitenga jambo hilo mwenyewe. Kukosea ni kumpa kimoja tu. Akikaa na ngano peke yake atakua akimdharau fisi. Akikaa na picha za kweli peke yake, hatajua raha ya kumwona mdogo akimshinda mkubwa kwa akili, na mtoto mdogo anaihitaji sana raha hiyo.

Hizo ngano nazo usizione nyepesi. Kisa cha kima na papa, cha moyo ulioachwa mtini, kimechapwa kwa Kiswahili tangu 1870 katika mkusanyiko wa Edward Steere. Lakini kisa hicho kimo katika Panchatantra ya Wahindi, na huko aliye majini ni mamba. Kikapita kwa Waarabu katika Kalila na Dimna, akawa kobe. Kilipofika kwa Waswahili akawa papa. Watu wote hao walikuwa na shughuli zao, walikuwa na wazazi na walimu wao, na hakuna aliyekiona hakifai kubebwa. Wewe una sanduku lenye magurudumu.

Na huyo mwalimu, ukimwona kabla hamjaondoka, mwambie kwa adabu habari ya Selma Lagerlöf. Walimu wa Uswidi ndio waliomwomba aandike kitabu cha kuwafundisha watoto jiografia ya nchi yao. Akamchukua kijana mkorofi, mtesa wanyama, akamfanya mdogo kama kidole, akampandisha mgongoni mwa bata bukini na kumpitisha nchi nzima pamoja na bukini mwitu. Sehemu ya kwanza ilitoka 1906, ya pili 1907. Watoto wakajifunza mito na milima wakiwa angani. Mwaka 1909 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi, mwanamke wa kwanza kuipata. Hivyo navyo ni vitabu vya ndege. Vitabu vya maana ni vipi tena?

Mtoto wako anahama, na wewe unataka ahame bila ndege. Hapo ndipo sikuelewi. Huko hatakuwa na rafiki mwezi wa kwanza, labda na wa pili. Atakachokijua humo chumbani ni vitu alivyokuja navyo. Halafu ndege wenyewe ni wahamaji! Mfungulie ukurasa wa korongo mweupe. Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege wao huenda wapi baridi ikiingia. Wapo waliosema mbayuwayu hulala chini ya maji. Mwaka 1822, karibu na Klütz huko Ujerumani, akaangushwa korongo aliyekuwa na mkuki umepenya shingoni, mkuki wa mti kutoka Afrika ya Kati. Alichomwa huku, akaruka nao mpaka kule. Ndipo watu walipoanza kuamini. Amehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock, na mkuki wake. Nilipomsimulia mjukuu wangu, alishika shingo yake mwenyewe kwa mikono miwili, akakaa hivyo mpaka nikamaliza. Mtoto aliyeshika shingo yake kwa ajili ya korongo hawezi kuambiwa kesho kwamba kitabu cha korongo hakina nafasi.

Usiviache, tafadhali. Najua nimeshasema.

Akifika miaka tisa au kumi nitamletea mwenyewe kile cha farasi cha Anna Sewell, hicho usimnunulie, niachie mimi. Mama yule aliumia miguu akiwa na miaka 14, tangu hapo kufika popote akawategemea farasi. Alikiandika akiwa mgonjwa, mara nyingi kitandani, kikatoka 1877, naye akafariki 1878. Hakuwaandikia watoto, aliwaandikia wenye kushika hatamu, wajue farasi anasikia nini wakimvuta kichwa juu kwa ajili ya fasheni. Watoto wakakichukua kikawa chao. Ni kizito na kina mauti ndani yake, ndiyo maana nasema miaka tisa. Unaona kwamba umri nami nauangalia. Sitaki uniambie kwamba bibi hajali mtoto akilia.

Vile vidogo vya sungura, vya Beatrix Potter, vyote vinaenea kwenye mfuko wa kando wa begi lake la mgongoni. Vilitengenezwa vidogo makusudi, vitoshe mikono ya watoto. Na cha kwanza kilianza kama barua, 1893, aliyomwandikia mtoto mgonjwa, ndani kachora sungura wanne. Hivyo avibebe mwenyewe, asome njiani. Visiwekwe chini pamoja na mizigo mikubwa, maana mkifika mmechoka hamtafungua sanduku siku hiyo, na usiku wa kwanza ndio atakaovitaka.

Sasa mengine. Karatasi za chanjo za mtoto ziko kwangu, katika bahasha ya kaki, nilizichukua ulipokuja mara ya mwisho. Nitazituma pamoja na sweta. Mikono nimeiongeza kidogo. Blanketi lile zito msichukue, mtapata jingine. Bomba la bafuni kwako linadondoka bado? Mwite fundi kabla hujakabidhi nyumba, usije ukakatwa amana yako kwa sababu ya mpira mmoja wa bomba. Ufunguo wa kabati la mbele umepatikana. Ulikuwa mfukoni mwa koti la baba yako, na anasema hajui ulifikaje. Goti lake limepungua uvimbe, anatembea mpaka getini na kurudi. Anakusalimu, na anasema usibishane na mimi kuhusu vitabu.

Pima lile sanduku la pili, urefu na kina, unitumie vipimo leo. Baba yako anataka kukata ubao mwembamba wa kutenganisha vitabu na viatu. Usilifunge kabla hujanijibu.

Mama yako