Lali amefunika turubai

Shoga yangu Rukia,

Assalaam aleikum. Huku Lamu tu wazima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana na anauliza lile sinia lake utalirudisha lini. Kaskazi imeingia, samaki wapo, Maryam wa Langoni kajifungua mtoto wa kike. Mengine utayapata ukija. Leo nina shida, na shida yenyewe ni ya mambo yako ya uchumi, kwa hivyo usinikimbie.

Ni Fundi Lali. Ulipokuja mara ya mwisho sanduku lake la samaki lilikuwa halijatoka. Alichukua friza bovu akang'oa mashine yote, akaweka kichanja cha mbao chini ili samaki wasilale majini, kisha akatoboa tundu karibu na kitako, akapitisha mpira uliopinda kama shingo ya bata. Barafu ikiyeyuka maji yanatoka, lakini yale yanayobaki kwenye pindo yanaziba njia, joto la nje haliingii. Basi, hilo tu. Boti inakwenda Kiwayu na kurudi, barafu ingali mawe. Zamani tajiri anayenunua samaki akibonyeza changu kwa kidole anakunja uso, anakata bei. Siku hizi anabonyeza, ananyamaza, anapima.

Sasa kila boti ina sanduku la Lali, ila Lali mwenyewe aliuza machache mno. Manahodha walilichungulia, wakaenda kwa mafundi wao wakatengenezewa. Faza wanalo, Kizingitini wanalo. Huwezi kusema wameiba, walitazama tu, na mpira uliopinda ukishauona umeshaujua.

Lali kanuna. Karakana ana kitu kingine, cha injini, ili mafuta yaende mbali zaidi. Ndivyo anavyosema mwanawe. Akisikia hodi tu anakifunika turubai. Nikamwambia, mzee wangu, kitu hakiuziki kikiwa kimefunikwa. Akaniuliza, "Na sanduku lililokuwa wazi liliuzika?" Nikakosa la kusema.

Ndipo nikaukumbuka ule ujumbe wako mrefu wa sauti wa Oktoba, ulipokuwa ukinieleza tuzo ya Nobel ya uchumi ya akina Mokyr, Aghion na Howitt. Ulisema Mokyr anashikilia kwamba Uingereza ilitangulia kwa sababu wasomi wake walipata mafundi wa mikono wa kuyageuza mawazo yao kuwa mashine. Na kabla ya hapo ulishanichosha na hesabu ya mchumi Solow ya 1957: Marekani, kati ya 1909 na 1949, mazao ya saa moja ya kazi yaliongezeka kama mara mbili, na sehemu saba kati ya nane za ongezeko hilo zilitokana na kujua namna bora ya kufanya kazi, vyombo na mitambo iliyoongezwa ikabaki na sehemu moja tu. Nilikucheka siku ile. Lakini ukilileta hapa, maana yake tunaweza kuongeza boti kila mwaka na tusifike mbali, na huku kitu chenyewe kimelala karakana chini ya turubai.

Athman anataka Lali aende KIPI, taasisi ya serikali inayosajili uvumbuzi, achukue hataza, ile hati ya kuzuia wengine wasimwige. Nimeulizia: hataza ni miaka 20, na kuna cheti kingine cha uvumbuzi mdogo, miaka 10. Haya, tuseme amekipata. Nani atazunguka visiwa vyote akikagua mipira? Lali atamshtaki shemeji yake? Na akishinda ndiyo balaa zaidi, maana boti zitarudi kuvua kizamani, samaki walainike, hasara iwe ya mji mzima. Kuigana ndiko kulikotunufaisha! Athman akaleta mfano wa M-Pesa, eti mbona mwenyewe alifaidi. Nikamwambia M-Pesa mwaka 2007 ilianza na kampuni yenye laini za simu, ikajaza mawakala kila kona. Mawakala huwaigi kwa kuchungulia. Lali ana msumeno.

Na hata huko kwa wakubwa, si wewe uliyeniambia mchumi William Nordhaus alipiga hesabu ya Marekani kuanzia 1948 hadi 2001, akakuta wavumbuzi walibakiwa na kama asilimia 2.2 tu ya faida ya walichovumbua? Nyingine yote ilikwenda kwa watumiaji. Mji wa Amu ungempa Lali hiyo mbili na nukta, wallahi angekuwa anajenga ghorofa Wiyoni.

Rai yangu mkutanoni ilikuwa hii: BMU, yaani kamati yetu ya wavuvi, tukinunue hicho cha injini. Tumlipe Lali, kisha kila mtu aige kwa raha zake. Ufaransa walifanya hivyo 1839 kwa mbinu ya Daguerre ya kupiga picha: yeye akapewa pensheni ya faranga 6,000 kwa mwaka, mtoto wa mwenzake marehemu Niépce 4,000, mbinu ikatangazwa bure. Isipokuwa Uingereza, maana kule wakala wake mwenyewe alikuwa amewahi hataza siku chache kabla! Na Michael Kremer, yule mchumi wa utafiti wa dawa za minyoo kule Busia, aliandika 1998 kwamba serikali zinaweza kununua hataza namna hiyo hiyo. Mzee Famau akasimama: "Tulipie kitu tulicho nacho tayari?" Ukumbi ukacheka. Nikasema hatulipii sanduku, tunalipia kile kijacho. Sijui kama walinisikia, chai ilikuwa imeletwa.

Halafu pesa. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti. Kinachotoka hakikaribii hapo, na mimi sijaona hata senti iliyovuka maji kutoka Mokowe. Sisi tuna ushuru wetu wa mzani tu, na humo humo kuna deni la mtambo wa barafu. Na kama kile cha injini hakifanyi kazi? Lali hataki kijaribiwe kabla ya kulipwa, sisi hatutaki kulipa kabla ya kujaribu. Hapo ndipo tulipokwama.

Sasa niambie. Unaweza kutuandikia mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha watu? Tunampangia bei vipi: kwa boti, kwa mafuta yatakayookolewa msimu mmoja, au jumla? Tumpe nusu kabla ya jaribio? Faza na Kizingitini wataiga bila kuchanga, je, tuwaombe mapema au tuwaache? Sanduku la kwanza tumfidie chochote, hata kama ni heshima tu? Na shule zikifunga utakuja, ukae na Lali mwenyewe? Wewe anakusikiliza, mimi ananiona mtoto wa jirani.

Nijibu kabla ya mkutano wa Jumamosi. Usinitumie ujumbe mrefu wa sauti, simu yangu imejaa. Andika.

Shoga yako,
Mwanaidi