Tajiri akifanya hisani kupitia kampuni, atuonyeshe hesabu

Mhariri,

Naomba nafasi nitie neno kuhusu matajiri wanaosaidia maskini huku wakitafuta faida papo hapo.

Sina ugomvi na faida. Kiwanda cha A to Z cha Arusha kilikopeshwa na Acumen, mfuko wa Marekani unaowekeza fedha za hisani kwenye biashara, miaka ya mwanzo ya 2000, kikaanza kutengeneza vyandarua vyenye dawa ya kudumu. Watu walipata ajira na watoto wakalala salama. Msaada wa bure pengine usingejenga kiwanda.

Ninachokataa ni kingine. Desemba 2015 Mark Zuckerberg na mkewe Priscilla Chan walitangaza kwamba katika uhai wao watatoa asilimia 99 ya hisa zao za Facebook, wakati ule karibu dola bilioni 45. Makofi yakapigwa. Lakini chombo walichokiunda hakikuwa mfuko wa hisani, kilikuwa kampuni iliyo mikononi mwao wenyewe. Kule Marekani mfuko binafsi wa hisani unabanwa utumie takribani asilimia 5 ya mali yake kila mwaka, na ritani zake za kodi ziko wazi kwa yeyote. Kampuni haibanwi hivyo. Inaweza kununua hisa za biashara nyingine, kugharamia kampeni za kubadili sera, au kuzikalia tu fedha.

Sisi watu wa pwani hisani yenye faida si ngeni kwetu. Mtu ana duka Kariakoo, analiweka wakfu, kodi ya pango inakwenda msikitini au kwa yatima. Faida ipo, tena inatakiwa iwepo. Ila tangu siku hiyo duka si lake: hawezi kuliuza, na wanawe hawalirithi. Msimamizi akila kodi, waumini wanajua wamuulize nani. (Wanaokula wapo, tusidanganyane.)

Tangu marekebisho ya sheria ya 2019, mashirika yetu yasiyo ya kiserikali yanatakiwa kuchapisha hesabu zilizokaguliwa. Kampuni ya tajiri inayouza taa za sola kwa malipo ya kidogo kidogo haimo kwenye sharti hilo, hata ikijinadi kwamba imekuja kuwakomboa maskini. Mama wa Mbagala akichelewa kulipa, taa inazimwa kwa mbali. Sawa, ni biashara, na amekubali masharti. Basi asipigwe picha akitabasamu ili apambe ripoti ya hisani ya mtu. Yeye ni mteja, na mteja ana haki ya kujua bei, riba na pa kulalamikia.

Namwomba Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali akae na BRELA, wakala anayesajili kampuni, waliangalie hili. Kampuni inayotumia jina la hisani kujitangaza nchini ichapishe kila mwaka ilichotoa bure, ilichowatoza wananchi, na faida ilikwenda kwa nani. Isiyotaka kufanya hivyo ijiite duka, nasi tutanunua bei ikitufaa.

Msomaji wako,
Magomeni, Dar es Salaam